Lemuel Haskett, Hakimu Aliyeahirisha Kesi Watu Wakale

Marehemu Lemuel Haskett alizaliwa tarehe 9 Machi 1879 huko Zanesville, Ohio, mtoto wa nne wa fundi viatu Josiah na mkewe Adelia. Alisoma shule ya mtaani kwao hadi umri wa miaka kumi na minne, akaondoka na kundi la maigizo lililokuwa likipita. Mama yake alimwambia, "Nenda, ila usirudi hapa na rangi usoni." Alirudi nayo mara mbili.

Alifika Hollywood Oktoba 1912, ikiwa bado na mashamba ya malimau. Alicheza katika filamu zaidi ya mia mbili, na hakuna hata moja ambamo alimbusu mtu. Alikuwa mtumishi wa matajiri, daktari wa kutikisa kichwa na, kwa sababu ya ndevu zake na sauti nzito, hakimu.

Tarehe 4 Juni 1916 alifunga ndoa Pasadena na Bi. Minna Brandt, mshonaji wa studio aliyemshonea joho lake la kwanza la hakimu. Walijaliwa binti mmoja, Cora.

Jumanne, 17 Aprili 1934, watu sitini waliolipwa kwa kutwa kujaza mahakama ya filamu walikuwa chini ya taa kali tangu alfajiri. Hadi saa tisa alasiri hakuna aliyetia kitu tumboni, na mwanamke mmoja alikuwa amezimia. Mkataba wa marehemu ulikuwa unaisha wiki ileile, na wenye studio hawakutaka kusikia habari za chama cha waigizaji. Kamera ikiendelea, marehemu, aliyekuwa hakimu katika filamu hiyo, aligonga nyundo: "Mahakama inaahirishwa! Nendeni mkale!"

Watu wakadhani yamo kwenye mchezo. Wakasimama kwa heshima, kama walivyofundishwa asubuhi, wakatoka kwa mstari mpaka mkahawani.

"Haskett!" mwongozaji akafoka. "Hayo yameandikwa wapi?"

"Bado hayajaandikwa, bwana. Ndiyo maana nimeyasema kwa sauti."

Alifika nyumbani mapema.

"Wamekufukuza?" Bi. Minna akamuuliza.

"Wamenifukuza, mke wangu. Lakini watu wamekula."

"Na wewe?"

"Lo! Mimi nimesahau."

Kwa miaka mitatu hakuna studio iliyompa kazi. Tusiite hiyo bahati mbaya: alinyimwa na watu walioshiba, naye hakuwaomba msamaha. Mwaka 1937 chama cha waigizaji kilipopata mkataba na studio, saa ya chakula ikiwa imeandikwa ndani yake, alirudi kazini, akiwa hakimu.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 1950. Daktari alipotikisa kichwa, marehemu alimwelekeza: "Polepole zaidi, kijana. Halafu vua miwani." Alifariki nyumbani, Jumapili, 14 Januari 1951.

Ameacha mjane, Bi. Minna, binti yake Cora na mkwewe Walter Dunne, na wajukuu watatu. Jeneza lake wanalibeba watu sita waliotoka mahakamani siku ile. Pumziko alilowapigania wengine, sasa alipate yeye, kwa amani.