Jina la Bwana Matundu

Kijiwe chetu cha Lizaboni kinatazamana na zahanati aliyoichora marehemu Bwana Matundu, yule msanifu wa kuta za matofali yenye matundu. Wakaaji ni Injinia, aliyewahi kujenga banda la kuku, likaanguka, kuku wakapona. Waziri, ambaye hakuna aliyemteua. Na mimi, niliyezunguka nchi za watu nikarudi na kikohozi. Birika la kahawa ni la Lukresia, anayetuuzia. Siku hiyo ofisi ya mtaa ilikuwa inapokea majina ya barabara ya zahanati, mwisho saa kumi. Tusipopeleka, itaitwa Barabara Namba Tano.

Injinia: — Apewe Matundu. Umeme ukikatika, mle ndani upepo upo tu. Mke wangu kajifungulia mle bila jasho.

Lukresia: — Wewe ndiye hukutoka jasho. Ulikuwa hapa unakunywa kahawa.

Mimi: — Lilongwe kuna soko lake, Nampula kule Msumbiji kuna shule. Nilipotea Nampula, nikaona matundu, nikadhani nimeshafika nyumbani.

Waziri: — Huyo alifundishwa na mchwa. Mwaka mzima alikaa kwenye kichuguu, akichungulia upepo unavyopita.

Injinia: — Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye hakuziba makusudi, ili kazi isiishe.

Waziri: — Na matundu yote ukiyahesabu, ni siku alizoishi. Alipochora la mwisho, akafa.

Lukresia: — Alikufa kwa presha, Waziri.

Tukaandika Matundu kwenye fomu, Injinia akaipeleka ofisini. Hajakaa vizuri, akafika Careen, karani wa mtaa, na fomu ile ile mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Mwenyekiti kaikataa hii. Hataki jina la utani. Huyu mzee aliitwa nani hasa?

 Injinia akavuka barabara kusoma jiwe la msingi. Akarudi polepole.

— Kuna jina la mgeni rasmi na la mkandarasi.

— Na la aliyechora?

— Hamna.

Miaka yote hiyo tumezalia kwenye upepo wake, tumeuguzia humo wazee wetu, na hakuna aliyewahi kuuliza. Hata mimi mwenye mdomo.

Lukresia akafunika birika, nalo bado limejaa.

— Mjane wake yuko kwetu Peramiho, jirani na shangazi. Magari yapo stendi. Nendeni.

— Tukamwambie nini? akauliza Waziri. Kwamba tumekuja kuuliza mumewe aliitwa nani?

— Anzeni na shikamoo.