Haula Ussi, Aliyekataa Kumfungulia Kila Mtu

Marehemu Haula Ussi alizaliwa Quiterajo tarehe 14 Machi 1991, binti wa tatu wa marehemu Ussi na Bi. Mwanaharusi. Alisoma chuo cha Kurani na shule ya msingi hapohapo kijijini, sekondari Mocímboa da Praia, kisha ufundi wa kompyuta Pemba, alikomaliza mwaka 2013.

Tangu utotoni hakuwa mtu wa kufungulia sauti tupu. Ukipiga hodi, aliuliza, "Nani?" Ukijibu "Mimi," alikwambia, "Hata mwizi ni mimi." Alipoolewa na Chamsudine, mwaka 2017, mama mkwe alisimama nje na kapu lake la samaki mpaka alipotaja jina lake na la baba yake. Baada ya hapo walipendana sana.

Kuanzia 2021 alifanya kazi Palma, katika ofisi ya kuandikisha waliokimbia vita. Majina yao, na mahali wanapolala, yalisafiri kwa mtandao hadi sava, kompyuta kuu ya Pemba. Haula ndiye aliyetunza hifadhi ya funguo za siri za ofisi, na orodha ya watoa vyeti wanaoaminiwa, vyeti vinavyothibitisha kuwa sava ni ile yenyewe. Sava isiyo na cheti kilichosainiwa na mmoja wao haikupewa hata jina moja.

Juni 2024 cheti cha sava ya Pemba kiliisha muda. Mashine zikagoma kutuma, kama zilivyofundishwa. Haula akaomba asubuhi moja aweke kipya. Mkurugenzi, Bwana Jerónimo, hakuwa na asubuhi.

"Iambie ikubali cheti chochote."

"Senhor Director, basi yeyote atakayejifanya sava ya Pemba, tunamkabidhi watu na mikeka yao."

"Dona Haula, wasiwasi wako peleka nyumbani. Mimi nataka taa ya kijani, majina yaende."

Akaitwa fundi mwingine, mtiifu. Ukaguzi wa vyeti ukazimwa. Taa ikawa ya kijani, na ni ya kijani hadi leo. Haula akahamishiwa stoo ya mablanketi, ambayo, tunashukuru, ilikuwa na kufuli.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2025. Ofisi ilileta maua ya plastiki. Chamsudine akiingia wodini, mgonjwa hakuulizia dawa.

"Wameurudisha ukaguzi?"

"Bado, mama Sumaia."

"Na mama yangu bado yumo mle?"

Alikuwamo. Bi. Mwanaharusi, naye aliyekimbia vita, ameandikwa mle kwenye sava, pamoja na mahali anapolala. Mahali hapo hatupataji hapa, marehemu angetukaripia.

Alifariki Pemba tarehe 9 Agosti 2025, akazikwa Palma siku iliyofuata. Makaburini iliulizwa, kama ilivyo ada: nani anamdai marehemu? Hakujitokeza mtu. Basi leo, katika hitima hii, tuulize upande wa pili: marehemu anamdai nani? Anamdai Bwana Jerónimo, aliyeketi safu ya mbele na sahani yake ya pilau. Anamdai ukaguzi urudishwe.

Ameacha mume, watoto wawili, Sumaia na Sadallah, mama yake mzazi, kaka yake Hamido, na kila familia ambayo jina lake limo kwenye sava ile.

Mola amlaze pema. Yeye apumzike kwa amani. Bwana Jerónimo, wewe usipumzike kwanza.