Jibu la Kumi na Saba

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, dada yake wa mwisho, familia imenituma niwasomee historia yake, na kila tarehe mtakayoisikia nimeikagua kwenye vyeti, maana kusoma tarehe ya kubahatisha mbele ya jeneza la kaka huyu ni kujitafutia balaa.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi saa na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari, kisha chuo cha ufundi, ambako aliigusa kompyuta kwa mara ya kwanza na sisi hatukumpata tena. Februari 1992 aliajiriwa idara ya maji, akatengeneza programu katika chumba kilicho nyuma ya stoo ya mabomba hadi ugonjwa ulipomtoa. Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2010 yeye na wenzake walianzisha ukurasa wa mtandaoni wa maswali ambayo watengeneza programu huulizana kila siku, pamoja na majibu yake, na yeyote aliruhusiwa kuuhariri, sasa mtu akiandika uongo nao huingia, kwa hiyo kaka akajipa ulinzi, kila jibu jipya akamuuliza mwandishi kama amelijaribu kwa mikono yake, mpaka wakampachika jina la Umejaribu. Majibu yake mwenyewe aliyajaribu kwa wifi, alimkalisha kwenye kompyuta ya mabinti afuate maandishi neno kwa neno, na wifi akikwama, jibu linaandikwa upya.

Isipokuwa la kumi na saba, la kusakinisha programu ya kutunza nakala za kazi. Juni 2012 wifi alikwama hatua ya tano, kaka akakimbilia kompyuta yake, ikakubali, akatangaza kwamba wifi ameruka mstari, wifi akajibu kwamba anayekata suti za watu bila kukosea inchi haruki mstari, na jamani, ubishi huo tumeusikia miaka kumi na moja.

Januari 2023 moyo ulianza kumsumbua, Julai akalazwa, wenzake wakamletea kompyuta mpya kabisa, na tarehe 2 Agosti akalifuata jibu lake mwenyewe, akakwama hatua ya tano. Kumbe kompyuta yake ya zamani ilikuwa na programu ndogo aliyoiweka akaisahau, na wenzake wote walikuwa nayo, ila ya mabinti haikuwa nayo, na bila hiyo hatua ya tano haiendi. Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio, halafu akawafikiria wote waliokwama pale wakajiona wajinga, na hilo lilimuuma sana. Akasahihisha, na penye nafasi ya kueleza sababu ya mabadiliko akaandika: "Mke wangu alikuwa sahihi tangu Juni 2012, mimi nilibisha bure."

Alifariki tarehe 21 Agosti 2023, saa nne asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupokelea wageni, na wenzake wa kazini na wa ukurasa. Wifi ameniagiza niseme kwamba ushindi ule angeurudisha leo hii, abishiwe tena miaka mingine kumi na moja.

Lala salama, kaka.