Fundi Milimita na Barua Iliyosemekana Iko Njiani

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu ya wiki iliyopita. Wagonjwa watatu walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya karakana ya viungo bandia. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mlinzi aliangalia saa yake mara mbili. Kwa miaka ishirini na mitatu mlango huo ulifunguliwa saa moja kamili. Saa mbili kasoro dakika kumi simu ililia getini. Alikuwa mke wa fundi. Alisema maneno mawili: "Wasimsubiri tena."

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi wa miguu ya bandia, aliyefariki alfajiri hiyo nyumbani kwake akiwa na miaka hamsini na saba. Daktari ameandika kuwa ni moyo. Hatutaongeza neno juu ya alichoandika daktari.

Wenzake walimwita Milimita, na hata mkewe alikwisha kulizoea jina hilo. Familia imetuomba jambo moja: tusitaje dini yake, wala dini ya kituo alichofanyia kazi. Mjane alisema, "Mkitaja, watu watasikiliza dini. Hawatamsikiliza yeye." Tumekubali.

Yaliyo ya hakika ni haya. Kituo kinaendeshwa na taasisi ya dini. Mishahara, plasta na umeme vinalipwa na serikali, kwa kodi ya kila mtu. Anayetaka ajira ya kudumu pale, awe mhasibu au mfagizi, lazima alete barua ya kiongozi wa dini hiyo, kuthibitisha kwamba ni muumini. Milimita hakuwa muumini wa dini hiyo. Alikuwa na yake. Kwa hiyo alifanya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu. Ukiisha, mwingine. Ukiisha, mwingine. Miaka ishirini na mitatu, wasikilizaji, kwa miezi mitatu mitatu. Mjane ameitunza mikataba hiyo kwenye begi kuukuu la shule. Iko tisini na mmoja. Mmoja uliliwa na mchwa.

Mwenye mkataba huo hana likizo ya ugonjwa. Akikosa kazini siku tano mfululizo, mkataba umekufa. Mwaka juzi, mwezi wa sita, Milimita alipata homa ya mapafu. Alilala siku nne. Siku ya tano mkewe alimfunga vifungo vya shati, akamshika mkono hadi getini.

Jina lenyewe lilitoka kwa mama mmoja muuza mboga. Alikuja na mguu uliotengenezwa kwingine, unaomuumiza. Milimita hakumuuliza panauma wapi. Alimwambia atembee ukumbini, aende na kurudi, yeye akafumba macho akisikiliza. Kisha akasema, "Kulia kunachelewa." Akauvua mguu, akachukua tupa, akasugua ndani ya kikombe kile kinachopokea sehemu ya mguu iliyobaki. Alisugua kidogo, akapima, akasugua tena. Milimita mbili. Yule mama alipotembea mara ya pili alisimama katikati ya ukumbi, akacheka. Ametuambia, "Miaka sita nilidhani ule uchungu ndio mguu wenyewe."

Kadi ya mgonjwa pale kituoni haina mstari wa dini. Mkurugenzi ametuthibitishia hilo. Ina mstari wa sahihi ya fundi. Na hapo Milimita hakuruhusiwa kutia sahihi, kwa sababu hakuwa mwajiriwa wa kudumu. Sahihi ilitiwa na mkuu wa karakana, dada aliyefundishwa kushika tupa na Milimita mwenyewe. Dada huyo anasema: "Nilitia sahihi kazi ambazo mimi nisingeziweza. Nikisita, ananiambia, 'Tia, mkuu, mgonjwa anataka kwenda kwake.' Ananiita mkuu! Mimi niliyekuwa nalia plasta ikinigandia mikononi!"

Tulimuuliza mkurugenzi kuhusu barua. Hakukwepa. "Kituo hiki kilijengwa na waumini, tofali kwa tofali, kabla serikali haijaleta hata mfuko mmoja wa plasta. Tukiajiri yeyote tu, baada ya miaka thelathini hakitakuwa chetu tena. Mwenye nyumba ana haki ya kujua nani analala ndani." Tulimuuliza kama mguu uliotengenezwa na Milimita ulikuwa na kasoro ya imani. Akasema, "Hapana. Alikuwa fundi bora kuliko wote niliowahi kuwa nao."

Njia ya mkato ilikuwepo. Kiongozi mmoja wa dini ya kituo, mzee anayetembelea mguu uliotengenezwa na Milimita hadi leo, alijitolea kumwandikia. "Njoo wiki tatu tu, ukae benchi la nyuma. Nitaandika nimekuona." Milimita alimjibu, "Mzee wangu, nikidanganya kwenye plasta, mguu wako utatoka damu. Sasa unataka nidanganye kwenye barua?"

Mkewe alipoisikia habari hiyo, aliweka sufuria chini.

"Baba watoto, barua haitoi damu! Andikiwa tupumzike!"

"Nina kwangu ninakosali."

"Na mimi nina kwangu ninakochoka."

Mjane ametuambia hajutii maneno hayo. "Nilimwambia hivyo mwaka hadi mwaka. Mtu anachoka, mwanangu. Anayesema hachoki ana mtumishi."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye miezi kumi na minne iliyopita. Wizara ilitoa agizo. Taasisi yoyote inayolipiwa mishahara na serikali isidai barua ya dini kwa kazi za ufundi. Na aliyewahi kunyimwa ajira ya kudumu kwa kukosa barua hiyo aorodheshwe, aajiriwe ndani ya siku tisini. Wakaguzi walikuja kituoni. Waliuliza: yuko nani aliyenyimwa?

Kituo kilijibu: hakuna.

Walifunguliwa faili ya Milimita. Kwenye mstari wa barua ya dini hapakuandikwa "hana". Paliandikwa neno moja: "Itawasilishwa." Mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko uleule. Kwa karatasi, Milimita hakunyimwa kitu. Alikuwa mtu anayechelewesha barua yake mwenyewe.

Neno hilo liliandikwa na karani wa utumishi. Ni jirani wa Milimita, nyumba ya tatu kutoka kwake. Amekubali kuzungumza nasi, na bado yuko kazini.

"Utaratibu wa ndani ulikuwa hivi," anasema karani. "Fundi wa muda asiye na barua, mkataba wake hauongezwi. Labda kama barua iko njiani. Nikiandika 'hana', Milimita anatoka kesho yake. Nikaandika 'itawasilishwa'. Nilidhani ni ya mara moja. Ikawa ya kila mwaka. Yeye sikumwambia. Nilimwambia wanambakiza kwa sababu ya mikono yake."

Siku ya wakaguzi, karani alimvuta Milimita nyuma ya tangi la maji, akamweleza yote. Mkuu wa karakana alikuwa akiosha ndoo upande wa pili. Alisikia. Tumewauliza karani na yeye, kila mmoja peke yake, na maneno yanalingana.

"Ukisema ukweli utaajiriwa," alisema karani. "Ila mimi nimeghushi faili. Nimekwisha. Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Kwa hiyo hawakunibakiza kwa sababu ya mikono."

"Na mikono pia, ndugu yangu."

"Mikono pia," alisema Milimita. "Kama chumvi."

Kisha akauliza wakaguzi wanaondoka saa ngapi. Akaambiwa saa tisa. Akarudi karakana. Plasta ilikuwa imeshalowekwa na haisubiri mtu. Saa tisa gari la wakaguzi liliondoka. Milimita hakutoka nje.

Jioni alimweleza mkewe. Mjane anakumbuka kwamba hakupandisha sauti. "Nilimuuliza, yule shemeji karani ana watoto wengi kuliko wewe? Akanijibu, 'Aliyeniweka kazini miaka yote hii ni yeye. Siwezi kupanda ngazi kisha nikaipiga teke na mtu bado ameishika.' Nikamwambia, haya. Kalale."

Siku tisini zilipita. Hakuna aliyeorodheshwa. Milimita alitia sahihi mikataba mingine minne ya miezi mitatu. Alifanya kazi hadi Ijumaa. Jumamosi alilalamika kifua. Jumapili mkewe alimwambia Jumatatu apumzike, naye akahesabu vidole vyake kwa sauti: mkataba haufi hadi siku ya tano.

Tunatoa pole kwa mjane, kwa binti zake wawili, na kwa ndugu zake. Tunatoa pole kwa mkuu wa karakana, ambaye kwenye rafu yake kuna miguu kumi na mmoja isiyokamilika. Pole pia kwa wagonjwa waliozoea kusikilizwa wakitembea.

Na ninyi wasikilizaji mnaokaa nyuma ya meza zenye mafaili, tunawaomba jambo dogo. Chukueni faili moja ya zamani. Tafuteni mstari uliojazwa ili siku iishe salama, bila ubaya, kwa huruma hata. Jiulizeni nani anaishi ndani ya neno hilo mpaka leo, na kama ameambiwa. Na ninyi mnaoweka masharti ya milango inayofunguliwa kwa kodi ya wote, mjiulize sharti lipi linalinda kazi, na lipi linalinda meza tu.

Tuliyothibitisha kabla ya kuingia hewani ni haya. Juzi, Jumanne, saa nne na robo asubuhi, karani alifika wizarani na maelezo ya kurasa mbili aliyoyatia sahihi yake. Ameeleza kwamba neno lile aliliandika yeye, na kwamba hakuna barua iliyowahi kuwa njiani. Ameomba Milimita aorodheshwe kuwa alinyimwa ajira. Maelezo yalipokelewa, yakagongwa muhuri.

Jana, saa nane mchana, alijibiwa kwa maandishi. Jibu lina sentensi moja. Linasema malalamiko ya ajira huwasilishwa na mhusika mwenyewe.