Kinyozi na Nusu Kichwa

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda cha mtu aliyehama, umelazwa juu ya matofali mbele ya duka la kinyozi, na wanaolikalia hujiona wana hisa. Muuza kahawa akitua birika tu, Breki keshafika. Huyu aliendesha malori hadi akastaafu, na hakuna ugonjwa asioulinganisha na injini. Anayefuata ni Waziri. Ofisi hajawahi kuiona zaidi ya kufuatilia kitambulisho, lakini neno la mwisho lazima liwe lake. Siku hiyo kikao kilikuwa kizito, maana kinyozi alikuwa amefungua duka tena.

Alikaa katikati yao, barakoa usoni. Mwaka jana damu yake iliharibika, hospitali wakampandikizia seli za uboho wa dada yake, zikashika. Kilichobaki ni uchovu. Si ule wa kulala ukaamka umekwisha. Huu anaamka nao, anapiga nao mswaki. Asubuhi ile alimnyoa mteja mmoja, magoti yakaanza kucheza kabla hajafika kisogoni, akamalizia ameegemea ukuta. Na kabla ya kutoka nyumbani alishatamka: ikifika jioni hajamudu kichwa cha pili, ufunguo anampa shemeji, ageuze duka liwe la simu. Mkewe aliendelea kukunja nguo.

— Injini mpya hiyo, — Breki alisema. — Ukiikanyaga mapema, unaiua.

— Injini gani? — Waziri akadakia. — Dada mtu anafanya kazi gani?

— Anaoka mikate, — kinyozi akasema. — Usiku.

— Si unaona? Hizo seli zimezoea kulala mchana.

Breki akaona ni hoja, akashauri duka lifunguliwe usiku. Waziri akakataa: dawa ni dada ahamie zamu ya mchana, seli za kule ziziamshe za huku. Muuza kahawa alitaka kujua zingepeana taarifa vipi. Akaambiwa amimine kahawa.

Kinyozi alicheka, kisha akachoka kwa kucheka. Hofu yake hakuwaambia: kwamba pengine ni ugonjwa unarudi kwa mlango wa nyuma. Muuguzi alishamtuliza. Vipimo viko safi, mwili unajijenga, uchovu unaweza kuchukua mwaka na zaidi. Agawe kazi vipande vipande, apumzike kabla hajachoka. Alimshukuru, ila moyoni akamwona haijui kazi ya kinyozi. Kufagia unagawa. Kichwa cha mtu utakigawa vipi?

Alasiri akatokea mwashi, saruji hadi kwenye nyusi, anataka kunyolewa. Kesho anakwenda ukweni. Kinyozi akamwambia ukweli, kwamba kusimama hawezi.

— Kwani lazima usimame?

Breki alimtazama Waziri. Waziri akachungulia ndani ya kikombe chake. Kinyozi mwenyewe akatafuta sababu, akaikuta moja tu: aliyemfundisha alikuwa anasimama.

Mwashi alivuta kigoda, akakaa mbele ya benchi akiwapa mgongo. Breki na Waziri wakainuka kumpisha kinyozi nafasi ya viwiko. Mashine ikaanza kunguruma, nywele na vumbi la saruji vikaanguka pamoja. Alipofika utosini mkono ulikuwa unaanza kuwa mzito, lakini haujamshinda bado. Akaizima.

— Nalala kidogo, — alisema. — Halafu namalizia.

— Lala tu. Ukweni ni kesho.

Akajinyoosha kwenye ubao, usingizi ukamchukua palepale. Birika liliishiwa kahawa na hakuna aliyeondoka.

Shemeji alipotokea, jioni haijafika, tayari alikuwa na futi ya kupimia rafu. Akamwona mwenye duka amelala, akauliza kwa sauti ya chini kama ndiyo basi tena, kazi imekwisha.

— Bado, — mwashi akamjibu, akamgeuzia upande wenye nywele.