Viti vya Mbele vya Bee Leng

Wasikilizaji wapendwa, za jioni popote mlipo hapa Penang. Leo tunamkumbuka Khaw Bee Leng. Khaw Bee Leng, yule mama aliyewaambia kila Ijumaa wikiendi mkatazame nini, msikilize nini na mle wapi. Amefariki Jumatatu. Wakubwa wa kituo wameniomba niongee kwa upole. Nitajaribu, lakini nina hasira, na ninyi mnanijua.

Bee Leng hakusifu kitu ambacho hajakionja. Filamu aliikalia mpaka taa ziwashwe. Picha za wachoraji alizikodolea macho mpaka mlinzi aanze kumshuku. Tambi alizila bila kujitambulisha. Ndipo aje studio, ananuka vitunguu saumu, aseme: "Filamu hii nendeni, mtalala vizuri, viti ni laini." Au: "Ule mgahawa mpya wa pale kona, jamani, yule kuku amekufa bure." Mwenye mgahawa alipiga simu akifoka. Bee Leng akamjibu, "Kaka, wewe pika upya, mimi nitarudi." Akarudi, akala, na Ijumaa iliyofuata akamsifu mpaka foleni ikafika barabarani.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Ni mwezi wa saba wa kalenda yetu ya Kichina, wafu wanaporudi kututembelea, na opera inachezwa mbele ya hekalu. Safu ya mbele ni yao. Safu ya mbele huachwa tupu. Bee Leng alilijua hilo tangu utotoni. Alikuwa mdogo, baba yake amezikwa mwaka uleule, akakimbilia kiti cha mbele apate kuona vizuri. Bibi yake akamwinua kwa sikio. "Ondoka hapo. Umemkalia baba yako." Bee Leng alisema alilia opera nzima, lakini si kwa uchungu wa sikio. Alilia kwa furaha kwamba baba amekuja.

Basi mwaka jana akatokea Bwana Chuah, mjenzi wa maghorofa. Akagharimia jukwaa. Kisha akaondoa vile viti vya plastiki vya mbele, akapanga sofa za ngozi kwa ajili ya wageni wake. Sofa, wasikilizaji. Kwenye safu ya mbele. Na Bee Leng akapewa karatasi na wakubwa wa kituo asome hewani kwamba mwaka huu mbele kuna starehe.

Hakuisoma. Alisema hivi: "Wikiendi hii nendeni hekaluni. Opera ni nzuri, yule mama anayeigiza jenerali anatisha kweli. Lakini kwenye sofa msikae. Zile nafasi zina wenyewe. Sasa, chakula..."

Hapo wakamkata. Wakaweka wimbo. Hakurudi tena hewani. Alitolewa kwenye kituo hiki hiki mnachokisikiliza, katikati ya sentensi, bila hata kwaheri. Nikifukuzwa kwa kusema hivi, nifukuzwe.

Bintiye, Swee Im, ameniambia: "Kila Ijumaa Mama aliwasha redio. Anasikiliza wanavyosifu mikahawa na maghorofa. Kisha anazima. Ananiambia, 'Hawa hata hawajaonja.'" Nikamuuliza Swee Im kama mama yake alikuwa na uchungu. Akasema, "Kwa ajili yake mwenyewe, hapana. Alikuwa anauliza tu, 'Baba atakaa wapi?'" Aliuliza hivyo mpaka wiki yake ya mwisho.

Leo asubuhi nimepita hekaluni. Jukwaa liko tayari kwa opera ya kesho. Na sofa zipo tena. Mama wa watu hajatimiza hata wiki kaburini, huu ndio mwezi wake wa kwanza wa kurudi kama mgeni, na nafasi yake ina mto wenye jina la kampuni. Hawana haya hawa watu.

Kwa Swee Im na ukoo wote wa Khaw, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na ninyi wengine, kabla hamjalala leo, kila mmoja ajiulize ana nani wake anayekuja kesho, na amemwachia nafasi gani.

Sasa nimalizie alichokatizwa Bee Leng. Nimemuuliza Swee Im mama yake alitaka kusifu chakula gani siku ile. Ni uji wa chaza wa yule mzee kiziwi nyuma ya hekalu. Nimeuonja jana. Ni mtamu, ongezeni pilipili.

Basi kesho nendeni. Kila mtu abebe kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani. Msigombane na mtu, msiguse sofa. Pangeni viti vyenu mbele ya hizo sofa, pale chini ya jukwaa, kisha rudini nyuma mkasimame. Bwana Chuah na wageni wake watakaa safu ya pili. Mimi nitakuja na kiti chekundu na bakuli la uji. Kile kiti msikikalie, kina mwenyewe.