Sista Aliyesimamisha Uzinduzi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, mkuu wetu wa mauzo anastaafu. Jina lake limo kwenye mwaliko wa sherehe ya kumuaga, lakini hapa ofisini hakuna anayelitumia. Kwetu yeye ni Sista, kwa sababu alitujia akitokea wodini, ambako alikuwa muuguzi, na mpaka leo akiona mtu amekunja uso humgusa paji kabla ya kumsalimu.

Alipoajiriwa, kampuni ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu. Tulikuwa vijana tuliojua kuandika programu za kompyuta na tusiojua hospitali hata kidogo. Tulidhani mgonjwa huingia mlangoni, huonwa na daktari, hupewa dawa, basi. Sista alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alituketisha kwenye benchi la kusubiri hospitalini, asubuhi hadi jioni, bila kompyuta. Tangu siku hiyo hakuna anayeandika programu hapa kabla ya kukaa benchi. Wageni hudhani ni adhabu.

Watakaomsindikiza hawatakosa kumkumbusha Bwana Jaribio. Huyo alikuwa mgonjwa wa kubuni tuliyemtumia kuwaonyesha wateja jinsi mfumo wetu wa kompyuta wa kuhudumia wagonjwa unavyofanya kazi. Katika hospitali moja tulisahau kumfuta, na jikoni wakawa wanampelekea sahani kila mlo, nayo inarudi kama ilivyokwenda, hadi mpishi akapiga simu wodini: “Huyu bwana wa kitanda cha dirishani hali kitu. Mwiteni daktari!” Sista ndiye aliyekwenda kumwandikia ruhusa ya kurudi nyumbani, kwa heshima zote.

Liko jambo moja ambalo limekuwa likisimuliwa vibaya. Kila mwaka katika sherehe zetu husemwa kwamba uongozi, kwa busara zake, uliahirisha uzinduzi wa mfumo katika hospitali kubwa. Uongozi huo nilikuwa mimi. Sasa ni mzee, naandika haya nimeegemea mito, na daktari wangu ameacha kunidanganya. Basi ukweli ni huu.

Kampuni ilikuwa hoi. Mkataba wa hospitali ile ungetuokoa, na ungesainiwa siku ya uzinduzi. Siku moja kabla, Sista aligundua kwamba mtandao ukikatika, skrini ya dirisha la dawa hubaki na jina la mgonjwa aliyetangulia. Anayefuata angeweza kupewa dawa za mwenzake. Nilimwambia hilo hutokea mara chache, tutarekebisha tukishasaini.

“Mara chache kwa nani, kaka?” akauliza. “Kwako wewe unayeuza, au kwa yule atakayemeza?”

Nilimwamuru anyamaze. Kesho yake, wageni wameshaketi na kalamu iko mezani, alimwendea muuguzi mkuu wa hospitali akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba maji ya kunywa: “Mfumo wetu una kasoro. Msiuwashe leo.” Nilimvuta pembeni nikamwambia ametuua. Akanijibu, “Afadhali ife kampuni. Kampuni haina mama.”

Wala tusidanganyane kwamba wema ulilipwa papo hapo. Hospitali ile ilinunua kwingine. Nusu ya wenzetu waliondoka, na baadhi hawakumsalimia tena. Mimi nilimnunia mwaka mzima. Yeye alichukua mfumo uliorekebishwa akazungukia zahanati na vituo vya afya, mlango kwa mlango, akianza kila mazungumzo kwa kueleza yale ambayo mfumo hauwezi kufanya. Muuzaji gani huyo! Lakini zahanati moja iliiambia nyingine, na leo kampuni inaishi kwa wateja wale wale. Sikuwahi kumshukuru, wala sikuzikataa sifa nilizopewa. Ahsante, Sista. Ulikuwa sahihi, na nililijua hilo siku ile ile.

Tunamshukuru pia mumewe, fundi cherehani, aliyevumilia simu za hospitali katikati ya kila mlo, na wanawe, waliokua wakiamini kwamba kila nyumba huwapima wageni joto. Anasema sasa atalima mboga. Tunazihurumia mboga zitakazochelewa kuota.

Wengi wamekuwa wakiuliza nani atatukatalia yeye akishaondoka. Wiki iliyopita binti mmoja wa hapa ofisini, atakayerithi kiti chake, aliwaambia wakubwa kwamba mfumo mpya, ambao hospitali inausubiri Jumatatu, hauko tayari. Mkurugenzi wa sasa amefoka, amepiga meza. Binti hajabadili neno.

Nenda kapumzike, dada yetu. Afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi za heri zikufuate. Huku kelele zimeshaanza, nasi tuko salama.